Pakia mauzo ya matawi usiku, lakini ipakike mara mbili bila madhara

Ukipewa kazi ya kuvuta mauzo ya matawi kila usiku hadi kwenye hifadhidata ya ripoti, usianze na saa. Anza na hili: ikienda mara mbili, itaharibu nini? Maana itakwenda mara mbili. Umeme utakatika katikati, au asubuhi mtu ataiendesha kwa mkono akidhani haikwenda.

Kwa hiyo faili la mauzo kutoka tawini lisiingie moja kwa moja kwenye jedwali la mauzo. Lipitie jedwali la muda, kolamu zake zote ziwe maandishi, nalo lifutwe kila kazi inapoanza. Usafi unafanyika humo. 03/04 ni Machi au Aprili? Amua tawi kwa tawi, programu isikisie. Namba za simu zilizopitia Excel mara nyingi zimepoteza sifuri ya mbele. Ukikuta tarakimu tisa, ongeza 255, au 254 kwa Kenya.

Kutoka hapo hamishia kwa `INSERT ... ON CONFLICT (tawi, risiti) DO UPDATE`, yaani ingiza, na kama risiti ipo tayari isasishe, ambayo hifadhidata ya PostgreSQL inayo tangu toleo la 9.5, yote kati ya `BEGIN` na `COMMIT` ili ikikatika isibaki nusu. Namba ya risiti peke yake haitoshi, kwa sababu matawi mawili yanaweza kuwa na risiti 1045. Hizo kolamu mbili kwa pamoja ziwekee kwanza `UNIQUE`, yaani sharti la kutojirudia, la sivyo amri itakataliwa. Itagoma pia risiti moja ikijirudia ndani ya faili lilelile, basi chuja kwa `DISTINCT ON`, inayobakiza mstari mmoja kwa kila risiti, ubaki na iliyorekebishwa mwisho.

Vuta siku tatu za nyuma, si jana tu, na upime kwa muda wa kurekebishwa, si wa kuuzwa. Risiti iliyofutwa kabisa kwenye tawi hutaiona kamwe. Sisitiza isifutwe, iwekewe alama ya kubatilishwa.

Sasa saa. Bosi akisema saa nane usiku, ni 02:00, lakini seva nyingi zinakwenda kwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo saa tatu nyuma yetu. Kwenye cron, programu ya Linux inayoendesha kazi kwa ratiba, unaandika:

`0 23 * * * flock -n /tmp/mauzo.lock /opt/ripoti/pakia.sh`

`flock` inazuia kazi ya pili kuanza ya kwanza ikiwa bado inaendelea. Mtego uko kwenye tarehe: saa hiyo seva bado iko siku iliyopita, kwa hiyo “jana” ya skripti ni juzi yako. Weka `TZ=Africa/Dar_es_Salaam` ndani ya skripti. Na alama ya `%` kwenye mstari wa cron huhesabika kama mstari mpya, hivyo `date +%F` bila `\` mbele ya `%` itakuvurugia amri nzima.

Ujumbe wa “imeshindikana” hautoki kwenye seva iliyozimika. Mashine nyingine iulize saa 12 na nusu asubuhi: upakiaji wa mwisho ni wa lini, na kila tawi limeleta risiti ngapi? Linganisha na siku kama hiyo wiki iliyopita. Jumapili ukiipima kwa Jumamosi utaamshwa bure.