Kinachotupwa hakirudi: maswali yenu kuhusu programu za triga

Juma lililopita nilieleza hapa kwamba vijana wanne ninaowafundisha kompyuta Ngamiani, Tanga, wameanza kuandika programu ndogo ya triga kwa data halisi za CERN, kituo cha utafiti wa chembe kilichopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Maswali yamemiminika. Nimechukua yaliyoulizwa na wengi.

Mwalimu, habari za kazi. Triga niijuayo mimi ni ya bunduki. Hiyo ya kompyuta inafyatua nini? (Mama wa Makorora)

Njema, mama. Jina limetoka huko huko kwenye bunduki. Katika mashine ya LHC, ambayo ni pete ya kilomita 27 chini ya ardhi, mafungu ya protoni, chembe zilizomo ndani ya kiini cha atomu, hukutana mara milioni 40 kwa sekunde. Kigunduzi kikubwa kama jengo la ghorofa kinatazama kila mkutano, na kila mmoja tunauita tukio. Triga ndiyo inayoamua lipi lirekodiwe. Ikikubali, kurekodi kunafyatuka. Ikikataa, tukio hilo limefutika na halipatikani tena popote duniani.

Diski siku hizi bei rahisi. Kwa nini wasihifadhi yote? (Fundi simu, Barabara ya 12)

Piga hesabu nami, kaka. Tukio moja ni megabaiti moja hivi, au zaidi. Zidisha kwa milioni 40, unapata terabaiti 40 kila sekunde. Kabla hujamaliza kusoma sentensi hii ungekuwa umejaza diski za duka lako zote na za jirani.

Kwa hiyo katika ATLAS na CMS, majaribio mawili makubwa ya LHC yenye vigunduzi vyao, uchujaji una hatua mbili. Kwanza vifaa vya kielektroniki hubakiza matukio kama 100,000 kwa sekunde, vikiamua ndani ya sehemu chache za milioni moja ya sekunde. Kisha programu, ikiendeshwa kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja, hubakiza elfu moja au elfu chache. LHCb, jaribio jingine la LHC, limekwenda mbali zaidi: tangu 2022 limeiondoa hatua ya vifaa, na programu inapokea kila kitu kwa msaada wa kadi za michoro, za aina ile ile wanayoitafuta wacheza gemu.

Shikamoo Mwalimu. Programu hiyo inajaribiwaje kabla protoni hazijaanza kuzunguka? (Kidato cha sita, Chumbageni)

Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Kwanza kuna matukio ya kuigiza. Kompyuta inatunga mgongano, inafuatisha kila chembe hadi ndani ya kigunduzi, na kwa kuwa sisi ndio tulioutunga, jibu sahihi tunalo mkononi. Pili kuna data za miaka iliyopita, ambazo hupitishwa tena kwenye programu mpya kana kwamba zinaingia sasa hivi.

Tatu ni kile ninachokipenda kuliko vyote: miali kutoka anga za mbali. Miali hiyo ikigonga hewa ya juu huzalisha chembe ziitwazo myuoni, na kila dakika karibu moja hupita kwenye kila sentimita ya mraba ya ardhi. Zinapita kwenye bati la nyumba yenu Chumbageni na kwenye kiganja chako hivi unavyosoma. Mwaka 2008 LHC iliharibika siku chache tu baada ya kuwashwa, na ukarabati ukachukua zaidi ya mwaka. Vigunduzi havikukaa bure: viliendelea kukusanya myuoni hizo, na watu wakazitumia kunyoosha programu zao.

Halafu kila usiku msimbo wote, yaani maandishi ya programu, hujengwa upya na kupimwa dhidi ya jana. Tuseme jana programu ilikubali matukio 212 kati ya 1,000 ya majaribio, leo 209. Hakuna aliyekusudia kubadilisha chochote. Matatu yale yanatafutwa moja moja. Huenda myuoni mbili zilizopita karibu karibu zimehesabiwa kuwa moja. Mtu akikuambia matatu ni kidogo, usimkabidhi triga.

Muda nao unapimwa, maana programu iliyo sahihi lakini nzito itasababisha foleni, na foleni ikijaa matukio yanapotea vile vile.

Sasa mtajuaje kama mnatupa kitu cha maana, ikiwa mmeshakitupa? (Mvuvi, Sahare)

Swali lako ndilo lililonikalisha kuandika leo. Umeona dagaa wanapomwagwa mwaloni alfajiri: samaki aliyerushwa pembeni keshabebwa na kunguru kabla hujageuka. Ukitaka kujua mchaguzi wako anarusha nini, unachota ndoo moja kabla hajaigusa, unaikagua mwenyewe taratibu.

Wanasayansi wa CERN nao hufanya hivyo hivyo. Sehemu ndogo ya matukio, mfano moja katika maelfu, hurekodiwa bila masharti. Baadaye wanauliza triga ingeyafanya nini. Pia hutumia triga moja kuipima nyingine: tukio lililokubaliwa kwa sababu ya myuoni linatumika kukagua kama triga ya fotoni, yaani chembe ya mwanga, ilikuwa macho. Na tukio likiiangusha programu halifutwi, linawekwa kando likachunguzwe, kwa sababu jambo geni laweza kuwa ndilo lililoikwamisha.

Kumbuka chembe ya Higgs, iliyosakwa kwa miongo mingi hadi kutangazwa tarehe 4 Julai 2012, hutokea takriban mara moja katika migongano bilioni moja. Kosa dogo la kuchuja lingeweza kutunyima.

Akili mnemba haiwezi kuifanya kazi hii? (Msomaji wa Pongwe)

Imeshaanza. Mwaka 2024 CMS ilitumia kwenye hatua ya kwanza mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, unaosaka matukio yasiyo ya kawaida. Nao unapimwa kama mwingine yeyote.

Nina laptopu ya mtumba na bando la wiki. Naweza kuanza? (Kijana wa Muheza)

Unaweza, mdogo wangu. CMS imeweka wazi data zake, na faili la matukio ya myuoni mbili mbili la mwaka 2010 ni dogo, linafunguka kwa Python ya kawaida, lugha ya kuandikia programu. Vijana wangu walianzia hapo. Walichora grafu ya masi ya chembe iliyozaa kila jozi ya myuoni, ikatoa vilima vizuri, kimoja karibu na GeV 3.1 (GeV ni kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa masi za chembe), kingine karibu na 91. Kisha wakaweka kizingiti: kila myuoni iwe na angalau GeV 20. Programu ikakimbia, haikulalamika, kilima cha 91 kikabaki kimesimama. Wakashangilia. Binti mmoja akaiweka grafu ya zamani kando ya mpya, akanyamaza, kisha akauliza, "Kile kidogo kiko wapi?"

Kilima cha 3.1 kilikuwa kimetoweka karibu chote. Tangu siku hiyo kila kizingiti wanachoweka kinakuja na grafu mbili: ya vilivyobaki na ya vilivyoachwa. Anza na hiyo ya pili.