Mchicha wangu unakunywa maji ya samaki

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni: "Kitu gani cha jikoni kinastawisha mimea yako?" Najua wengi watataja maganda ya ndizi na ya mayai. Mimi natetea maji ya kuoshea samaki.

Niko Tanga, nalima uani kwenye ndoo na viroba: mchicha, matembele, pilipili, na nyanya kidogo. Mchicha unapenda sana naitrojeni, kirutubisho cha kukuza majani. Ukiona majani ya chini yamekuwa manjano ilhali ya juu bado ni ya kijani, ujue umeishiwa. Unanyonya majani makuukuu ili ulishe machanga. Ganda la ndizi sifa yake ni potasiamu. Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti, tena huchukua muda mrefu kuoza. Kuupa mchicha wa namna hiyo maganda ni kumpa mwenye kiu andazi.

Maji ya samaki yana damu na ule utelezi, yaani protini, na protini ikioza udongoni hutoa naitrojeni. Nikishapara changu na kumtumbua, maji ya kwanza yenye wekundu nayazimua kwa maji safi kiasi kilekile. Nachimba kijifereji kwa kidole, mbali kidogo na shina, namwaga, nafukia. Usipofukia, paka wa mtaa mzima watahamia kwako usiku. Majani hayaguswi, maana ndiyo mboga yenyewe, na mchicha ukikaribia kuchumwa naacha kabisa. Ila maji ya kurowekea papa mkavu au ng'onda usithubutu! Chumvi yake huunguza mizizi.

Asiyekula samaki ana majani ya chai, nayo yana naitrojeni, lakini ya chai ya rangi isiyo na sukari. Yaliyochemshwa na maziwa na sukari ni karamu ya sisimizi.

Jivu la kuni ni la nyanya: lina potasiamu na kalsiamu, naitrojeni imeshaondoka na moshi. Kijiko kimoja kwa ndoo, likiwa limepoa, latosha. Likizidi, udongo unakuwa wa magadi na majani machanga yanapauka. Wenye udongo wa mawe ya matumbawe waliache kabisa, chokaa wanayo tele. Na msilichanganye na mbolea ya yurea. Naitrojeni mliyoinunua itapaa hewani kama amonia.

Jirani yangu anamwagilia pilipili maji ya dafu. Hajakosea kuyaamini: mwaka 1941 Johannes van Overbeek na wenzake, huko Marekani, waliyatumia maji ya nazi kukuzia viinitete (vimelea vichanga vya ndani ya mbegu) vya mmea uitwao datura, na maabara za kuzalisha miche kwenye chupa huyatumia mpaka leo. Lakini ndani ya chupa hizo hamna vijidudu. Uani sukari yake wanakula wao kwanza, mizizi baadaye. Kwa bei ya dafu siku hizi, mimi langu nakunywa.

Msomaji wenu, Tanga