Nililea Bila Karatasi, Nikajifunza Mahakamani

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii akiuliza kama anaweza kumzuia shemeji yake asimwone mtoto wa marehemu dada yake, kwa kuwa shemeji huyo hajatoa hata senti moja tangu msiba. Swali hilo limegusa kidonda changu, kwani nililiuliza mimi pia, tena baada ya kuwa nimekwisha kumzuia wa kwangu.

Dada yangu alipofariki dunia alimwacha mtoto wa miaka minne, nami nikamchukua bila kuuliza mtu. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na methali hiyo niliishika kana kwamba ni kifungu cha sheria. Miaka mitatu baadaye mtoto alihitaji upasuaji usio wa dharura, nikaambiwa hospitalini kwamba saini ya mjomba haitoshi: nimlete mzazi aliye hai au amri ya mahakama inayonitambua kuwa mlezi. Baba yake, ambaye hakuwahi kumnunulia hata daftari, alikuja akatia saini kwa nusu dakika. Mpaka leo nikiikumbuka kalamu ile mkononi mwake, koo hunikauka.

Ni hasira hiyo iliyonifanya nimfungie mlango. Nilipokwenda kuomba ulezi rasmi, nilibeba risiti zangu zote nikitarajia sifa, lakini hakimu alianza kwa kuniuliza mtoto alimwona baba yake lini mara ya mwisho. Akanieleza kwamba matunzo na kuonana ni mambo mawili tofauti: asiyetoa matunzo hudaiwa mahakamani, wala hanyimwi mtoto kama adhabu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao umeridhiwa na karibu nchi zote duniani, unasema katika kifungu cha 9 kwamba mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kuwasiliana naye mara kwa mara, isipokuwa pale ambapo jambo hilo linapingana na maslahi yake. Haki inayotajwa hapo ni ya mtoto, na mimi nilikuwa nimeipokonya nikidhani ninamkomoa baba. Kifungu cha 12 kinataka mtoto asikilizwe kulingana na umri na upevu wake. Wangu alisikilizwa faraghani, akasema anataka kubaki kwangu na baba awe anakuja. Sikuwahi kumuuliza.

Aibu ya pili ilikuwa ya fedha. Dada aliacha akiba kidogo, nami nilichota humo kutengeneza paa, nikijiambia kwamba sote tunalala chini yake. Sheria za nchi nyingi haziruhusu mlezi kufikiri hivyo: mali ya mtoto ni amana, hutumika kwa manufaa yake, hutolewa hesabu, na hukabidhiwa kwake akifikisha utu uzima. Nililipa kila nilichochota. Siku hizi nina akaunti mbili na daftari ambalo ningelionyesha kwa mkaguzi yeyote bila kutetemeka, na ninalionea fahari.

Basi ewe unayelea mtoto wa ndugu, nenda ukatafute amri ya ulezi kabla mtoto hajaugua, ukiwa na vyeti vya kuzaliwa na vya kifo, wala usijidanganye kwamba mapenzi yako yatasomeka kwenye fomu. Tenga fedha zake na zako. Nitarudia: tenga.

Kwa msomaji wangu, ikiwa shemeji ni mkatili, peleka ushahidi mahakamani uombe kuonana kuwe chini ya uangalizi au kusitishwe. Ikiwa kosa lake ni mkono mfupi tu, mfungulie. Kisha uombe matunzo kwa jina la mtoto. Mimi sikuomba kwa miaka mitatu, kwa sababu ya kiburi cha kutotaka kitu cha yule bwana, na fedha ambazo mpwa wangu alizikosa wakati huo hazikuwa zangu kuzikataa.