Kuhusu tamasha la ngoma Mtwara

Dada, umeuliza utawawekaje Wamakonde, Wamakua na Wayao jukwaa moja bila manung'uniko. Anza na wazee wa kila kikundi, kabla hata ya wafadhili. Wao ndio waseme kipi kichezwe hadharani. Sindimba, ngoma ya Wamakonde, haina shida, ila mapiko, ngoma ya vinyago, ina mambo ya jandoni, na aliyevaa kinyago hatajwi jina. Sisi tuliharakisha hapo. Mzee mmoja akaondoka na kikundi chake chote. Iliniuma sana.

Ratiba iache muda wa kupasha ngoma moto, maana ngozi ikilegea hailii. Posho zilingane. Kibali, muone afisa utamaduni wa halmashauri. Akija mtu wa kurekodi na kuuza, msisaini kabla ya kumuona mwanasheria au COSOTA, ofisi ya hakimiliki.