Kupatana bei ya punda kijana mnadani

Ndugu yangu wa Nzega, umeuliza uanzie bei gani kwa punda wa mkokoteni, ilhali muuzaji anashikilia kwamba ana miaka 4. Nakusihi usitaje bei yoyote kabla hujamfungua mdomo, kwa sababu meno mawili ya katikati mbele hubadilika akiwa na miaka 2 na nusu hivi, yanayofuata kwenye miaka 3 na nusu, na ya pembeni kwenye 4 na nusu. Ukikuta mawili tu makubwa, na kando yake vijino vya maziwa vyeupe, huyo bado mtoto.

Hapo ndipo penye hoja yako ya kupunguziwa: mweleze mwenye mali, kwa heshima, kwamba utamlisha msimu mzima kabla ya kumfunga mkokoteni. Mimi hapa Tabora niliwahi kulipa bei ya punda wa kazi kwa mnyama wa namna hiyo, na hadi leo naumia. Inua kwato zote nne, pitisha kiganja mabegani kutafuta makovu, kisha ongea na mwenyewe badala ya dalali. Kibali cha kumsafirisha mjadiliane mapema nani atakilipia.