Kazi za likizo za darasa la tatu: fuata ratiba ya wiki ya darasa

Dada mleta uzi, umeuliza ugawe vipi kazi za likizo ya Desemba za mtoto wa darasa la tatu: maswali 120 ya hisabati, hadithi za kusoma, imla, kuotesha maharage na kupima mvua, huku nusu ya likizo mtakuwa Rombo kwa bibi yake. Nafundisha darasa hilohilo hapa Moshi, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu.

Anza na ratiba ya wiki ya darasa lake. Mtoto wa miaka minane au tisa ameshazoea kwamba Jumatatu ni maneno mapya, Jumatano imla, Ijumaa bustani na usafi. Siku hizo zikibaki zilezile nyumbani, hasukumwi sana. Ukimwambia tu "kafanye kazi ya likizo", lile rundo linamtisha, anaahirisha mpaka siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, na mwalimu anapokea daftari lenye mwandiko wa mama. Tunautambua, tena mara moja.

Umesema likizo ni wiki 5. Toa siku za kupumzika mwanzoni, toa Krismasi na Mwaka Mpya, upate siku 20 za kazi. Maswali 120 yanakuwa 6 kwa siku. Muda uwe asubuhi baada ya chai, dakika 40 hivi, kisha aachiwe akacheze. Kila ukurasa uandikwe tarehe.

Kwenye hisabati, kosa utakalokutana nalo zaidi ni la kutoa kwa kukopa, hasa namba ikiwa na sifuri katikati. Mpe 402 − 178. Wengi wataandika 376. Wanachofanya ni kutoa tarakimu ndogo kwenye kubwa popote ilipo: 8 toa 2, 7 toa 0, 4 toa 1. Kumkaripia hakusaidii, kwa sababu yeye anaona ametoa sawasawa. Rudi kwenye vijiti. Funga mafungu manne ya vijiti kumi kumi kwa kamba ya mgomba, mwambie atoe 17. Atalazimika kufungua fungu moja ili apate vijiti 7, kisha aondoe fungu zima moja. Yanabaki mafungu 2 na vijiti 3, yaani 23. Akishafanya hivyo kwa mikono, rudini kwenye 402: mia moja inafunguliwa kuwa makumi 10, kumi moja linafunguliwa kuwa mamoja 10. Sasa ana mamia 3, makumi 9 na mamoja 12, jibu 224. Mzoeze kuhakiki kwa kujumlisha: 224 + 178 irudi 402. Siku ya somo hili maswali 3 yanatosha, hata kama ratiba inasema 6.

Imla: Jumatatu chagueni maneno 8 kutoka kwenye hadithi anayoisoma, Jumatano msomee. Soma sentensi nzima, kisha neno lenyewe, subiri aandike, rudia mara moja basi. Ukilivuta neno silabi kwa silabi unakuwa umemwandikia. Makosa yatakuwa kwenye ng' (ng'ombe, ng'oa, tofauti na ngoma, ngazi), kwenye th na s, dh na z, na l na r. Huo si uvivu. Anaandika kama anavyosikia watu wa nyumbani wakitamka. Mpe maneno mawili mawili ayatungie sentensi: kula na kura, mahali na mahari, thamani na samani. Kosa usilifute kwa ufutio. Weka nukta pembeni yake kwa penseli ya rangi, aandike neno sahihi mwenyewe hapo chini. Hizo nukta zitunze, kuna kazi yake mbele.

Maharage yaanzeni mjini, wiki ya kwanza. Kata chupa ya maji ya lita 1.5 katikati, tumia sehemu ya chini. Zungushia karatasi laini ndani, jaza pamba katikati ili karatasi igandamane na ukuta, kisha penyeza mbegu 4 kati ya karatasi na plastiki. Hapo mzizi utaonekana. Tumia maharage ya jikoni yasiyo ya muda mrefu. Mbegu za duka la pembejeo mara nyingi zimepakwa dawa, rangi yake huwa ya waridi au nyekundu, na mtoto asizishike. Mwagia maji kiasi cha kulowesha karatasi tu. Maji yakituama chini mbegu zinakosa hewa, zinaoza na kutoa harufu. Ndiyo sababu kubwa ya watoto kurudi shule wakisema "hayakuota". Mzizi huanza kuonekana baada ya siku chache. Achore kila baada ya siku mbili na kupima urefu kwa rula. Mkipanda kwenda Rombo kwenye baridi ukuaji utapungua kasi, na hilo aliandike pia, ni jibu la sayansi.

Kupima mvua kunataka kopo lenye kuta zilizonyooka, mfano la maziwa ya unga. Likae uwanjani, mbali na migomba na upenu wa nyumba. Asome saa 3 asubuhi kila siku, aandike, amwage. Siku isiyo na mvua aandike 0, asiruke. Angalia rula: nyingi za plastiki sifuri haianzi ukingoni, inaanza milimita kadhaa ndani, kwa hiyo kila kipimo kitakuwa pungufu kwa kiasi hicho. Apime hicho kipande, akijumlishe. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwenye kila meta moja ya mraba. Mpe ahesabu maji yaliyoangukia ua wa bibi.

Kwa Jiografia mna bahati, tumieni hiyo safari. Kabla hamjaondoka achore Mlima Kilimanjaro akiwa Moshi, kilele cha Mawenzi kikiwa kulia kwa kile cha Kibo. Akifika Rombo, upande wa mashariki wa mlima, achore tena: Mawenzi, meta 5,149, inakuwa mbele yake, na Kibo yenye meta 5,895 iko nyuma. Aulize kwa nini, umjibu kwa ramani. Mlima mtautazama alfajiri, baadaye mawingu huuziba.

Bibi asimfanyie kazi, ila ahojiwe. Mtoto aandike maswali 5 mapema: aina za ndizi kihambani (shamba la migomba la nyumbani), ipi ni ya kupika na ipi ya pombe, mfereji unatoka wapi, kahawa huchumwa lini. Majibu ayaandike kwa maneno yake hata sentensi zikiwa fupi.

Daftari zisafiri ndani ya faili la plastiki lenye kifungo, pamoja na penseli 3, kichongeo na rula. Siku tatu za mwisho asipewe kazi mpya. Apitie nukta zote za rangi, arudie yale maneno na hesabu alizokosea, basi.