Kabla hujanunua osiloskopu, jenga osileta inayotulia

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia: "Mwalimu, nimepata pesa kidogo, nataka kuingia kwenye majaribio ya masafa ya juu. Ninunue osiloskopu ya megahezi ngapi?" Swali hili huletwa kwangu mara kwa mara, na kila nikilisoma roho inaniuma, kwa sababu najua kinachofuata. Mtu ananunua chombo hicho cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini, anakifungua kwa furaha, anagusa saketi yake kwa probu, yaani waya wake wa kupimia, na osileta, saketi inayozalisha mawimbi, inazimika palepale. Anaanza kuamini kwamba hana kipaji, wakati aliyeizima ni probu.

Tufanye hesabu. Chukua koili ya mikrohenri 1 na kapasita zenye jumla ya pikofaradi 100. Saketi hiyo hutetema karibu na megahezi 15.9. Sasa iguse kwenye ncha ya juu ya koili kwa probu ya x10 (inayogawa ishara kwa kumi) yenye pikofaradi 12. Masafa yanashuka hadi kama megahezi 15. Umeyahamisha kwa karibu megahezi 0.9 kwa kupima tu! Ukisahau swichi ya probu kwenye x1, ambako mara nyingi unaongeza pikofaradi mia hivi, unaporomoka hadi megahezi 11 na ushei, kama transista bado itakuwa na nguvu ya kuendelea. Probu ni mgeni anayekuja kutazama na kuishia kula chakula chote. Na ule waya wa grauni wenye klipu? Sentimita 15 za waya ni takriban nanohenri 150. Ukiungana na pikofaradi za probu, unavuma wenyewe karibu na megahezi 120, na mikunjo unayoiona kwenye skrini ni ya waya wako. Fupisha grauni. Nitalirudia hili.

Mimi nilianza bila osiloskopu. Nilikuwa na multimita, kipimo kidogo cha diodi ya germaniamu nilichokilehemu mwenyewe, na redio kuukuu ya masafa mafupi. Nilipowaonyesha wapenzi wenzangu wa elektroniki osileta yangu ya kwanza, ya aina ya Colpitts, mmoja wao aliniambia mbele ya wote kwamba asiye na osiloskopu asijisumbue na masafa ya juu. Maneno yale yalinichoma, na mpaka leo nikiyakumbuka hayajapoa. Lakini redio ile ilinifundisha kuliko skrini yoyote niliyokuja kuimiliki baadaye.

Ilikuwa hivi. Kituo cha WWV cha Fort Collins, Colorado, hurusha ishara za saa kwenye megahezi 2.5, 5, 10, 15 na 20, na masafa yake ni sahihi mno. Unafungulia redio megahezi 10, unaweka osileta yako pembeni bila kuiunganisha na chochote, kisha unazungusha kapasita taratibu. Ukiwa hezi 1,000 mbali, unasikia mluzi, ambao ni tofauti kati ya masafa yako na ya kituo. Ukikaribia, mluzi unashuka, unakuwa mzito, halafu unageuka mpapatiko wa polepole unaoweza kuuhesabu kwa kidole. Hapo uko ndani ya hezi chache, na hujagusa saketi kwa waya hata mmoja. Osileta ya aina ya Clapp niliyoimaliza juzi niliipima hivyohivyo, na nilipoiona imetulia jioni nzima nilijivunia, sifichi.

Kuhusu saketi yenyewe, wengi hujisumbua bure. Saketi ya Hartley, ya mwaka 1915, hutaka koili iliyotolewa ncha katikati. Colpitts hugawa kapasita badala ya koili, kwa hiyo ni rahisi zaidi kwa anayejizungushia koili mwenyewe. Mwaka 1948 James Clapp alieleza saketi yenye kapasita moja zaidi, iliyo mfululizo na koili, nayo hupunguza athari za transista yenyewe kwenye masafa. Anza na Colpitts kati ya megahezi 5 na 10. Transista ya 2N3904 inatosha, au J310. Ukihitaji masafa mamoja tu, weka kristali na ulale usingizi.

Kitakachoamua kama osileta itatulia ni mambo ambayo hayapigwi picha. Kapasita za C0G, ambazo hubadilika si zaidi ya sehemu 30 katika milioni kwa kila digrii ya joto; zile za X7R zinaruhusiwa kuyumba hadi asilimia 15 katika kiwango chao chote cha joto. Umeme uliodhibitiwa, hata kwa 78L05 tu, kidhibiti kidogo cha volti 5. Bodi ya shaba badala ya bredibodi, ambayo kila safu yake huongeza pikofaradi ambazo hukuzipanga. Na bafa, jamani, bafa! Transista moja zaidi baada ya osileta, ya kuikinga na mzigo wa kipimo, halafu pimia kwenye towe la bafa, kwenye resista ya omu 50. Usiunganishe antena kama huna leseni.

Basi nunua hivi: kwanza kaunta ya masafa (kifaa kinachohesabu masafa) au redio nzuri, kisha NanoVNA, kifaa kidogo cha kupima saketi kwenye masafa mbalimbali, kwa ajili ya koili na vichujio, na osiloskopu baadaye. Ukifika huko, jua kwamba osiloskopu ya megahezi 100 huonyesha wimbi la megahezi 100 likiwa limepungua kwa karibu asilimia 30. Chukua yenye mara 3 hadi 5 ya masafa unayofanyia kazi, na ufupishe grauni.

Tena usiamini kibandiko. Kuna mtu aliniuzia osiloskopu ya mkono wa pili iliyoandikwa 100, na uwezo wake haukufika hata nusu. Siku hizi naenda kwa muuzaji na osileta mbili za kristali za kisanduku, za aina moja, ya megahezi 4 na ya megahezi 40, nikizilisha volti ileile. Kwenye chombo cha kweli, wimbi la 40 litakuwa la mviringo zaidi, lakini urefu wake utakaribiana na lile la 4. Likitokea nusu yake, rudisha pesa mfukoni na umuage.